Viwanda vya vifaa tiba: swali tunaloliruka ni nani atanunua

Tangu Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje Januari 2025, hakuna kikao cha afya Afrika Mashariki kinachomalizika bila mtu kusema tujitengenezee wenyewe. Miezi michache baadaye ikaja habari iliyoonekana kuipa nguvu kauli hiyo. Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria ulinunua kwa mara ya kwanza dawa za kufubaza VVU za mstari wa kwanza zilizotengenezwa Afrika. Zilitoka kiwanda cha Universal Corporation kilichopo Kikuyu, Kenya, zikapelekwa Msumbiji, shehena ya kuwatosha watu zaidi ya 72,000 kwa mwaka. Mitandaoni watu walikishangilia kiwanda. Kwa maoni yangu walishangilia kitu ambacho hakikuwa kipya. Kiwanda kile kilikuwepo miaka mingi, na dawa yenyewe ilikuwa na ithibati ya Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2023. Kilichobadilika ni kwamba amepatikana mnunuzi mkubwa aliyekubali kutia saini.

Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndiko hoja yangu inakoanzia. Mjadala wetu wa kujitosheleza umegawanyika kambi mbili: wanaosema tumwachie mwekezaji binafsi na wanaosema serikali ijenge. Katikati kuna aina ya tatu ya mtengenezaji ambayo hatuizungumzii kabisa, nayo ni taasisi isiyotafuta faida, iliyofungamana na hospitali zinazotumia bidhaa zake. Aina hii imefanya kazi katika nchi zilizokuwa maskini kama zetu, kwa zaidi ya miaka arobaini. Lakini haikufanya kazi kwa sababu ya moyo mwema. Ilifanya kazi pale tu ilipokuwa na mnunuzi wa uhakika kabla ya kununua mashine, na mkaguzi wa ubora asiyekuwa na sababu ya kuiogopa wala kuipendelea. Bila viwili hivyo, kiwanda cha wakfu kitakufa kama cha tajiri na kama cha serikali.

Anayedhani nakuza mambo aikumbuke Aspen ya Afrika Kusini. Hiyo ni kampuni kubwa, yenye mtaji, mitambo ya kisasa na wataalamu. Wakati wa Uviko-19 ilijaza chupa za chanjo ya Johnson & Johnson kule Gqeberha, na mwaka 2021 ikafichuka kwamba sehemu ya chanjo hizo ilikuwa ikisafirishwa kwenda Ulaya wakati Waafrika wakizisubiri. Machi 2022 ikapata leseni ya kuitengeneza chanjo hiyo kwa jina lake yenyewe na kuiuza barani. Viongozi wakapongezana. Wiki zikapita, haikupata oda hata moja. Mashine zilikuwepo, leseni ilikuwepo, na bara linaloagiza karibu asilimia 99 ya chanjo zake lilikuwepo. Sasa Umoja wa Afrika unataka tufikie asilimia 60 ya chanjo zinazotengenezwa hapa ifikapo 2040, na Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo, imetangaza mpango wa hadi dola bilioni 1.2 kuwasaidia watengenezaji wa Afrika. Ni fedha nzuri. Ila ukiusoma mpango huo utaona fedha nyingi hutolewa baada ya bidhaa kupata ithibati na kushinda zabuni. Waliouandika walijifunza kutoka Gqeberha.

Twende kwenye mfano ambao mnunuzi alitangulia. Madurai, kusini mwa India, daktari mstaafu wa macho Govindappa Venkataswamy alianzisha hospitali ya Aravind mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11. Kazi kubwa ilikuwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na wagonjwa waliolipa ndio waliowabeba wasioweza. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na tofauti iliyomuumiza kila aliyefanya kazi pale: mwenye fedha aliwekewa lenzi ndani ya jicho, maskini alitolewa mtoto wa jicho akarudi kijijini na miwani mizito kama kitako cha chupa, ambayo ikivunjika anarudi gizani. Lenzi moja ya kuagiza ilikuwa karibu dola 100. Mwaka 1992 taasisi hiyo, ikisaidiwa na wafadhili wa Marekani kupata teknolojia, ikaanzisha Aurolab chini ya mfuko wa wakfu. Lenzi ya kwanza iliuzwa kwa takriban dola 10, baadaye bei ikashuka chini ya dola 5, na leo bidhaa zake zinatumika katika nchi zaidi ya 100. Wanaosimulia kisa hiki hupenda kukaa kwenye bei. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni mpangilio wake: siku mashine ya kwanza inawashwa, jirani yake kulikuwa na vyumba vya upasuaji vinavyohitaji maelfu ya lenzi kila mwaka, na madaktari wa upasuaji ambao lenzi yenye kasoro ingeharibu jicho mikononi mwao wenyewe. Mnunuzi alikuwa pia mlalamikaji wa kwanza. Ukaguzi wa namna hiyo huupati kwenye zabuni.

Bangladesh walipita njia nyingine. Zafrullah Chowdhury, daktari aliyeacha masomo Uingereza mwaka 1971 kuja kuhudumia majeruhi wa vita vya ukombozi, alianzisha Gonoshasthaya Kendra kule Savar mwaka 1972, na mwaka 1981 ikaongezwa kampuni ya dawa inayomilikiwa na wakfu huo. Haikuwahi kuwa kampuni kubwa kuliko zote nchini mwake. Ilichofanya ni kuonyesha hadharani gharama halisi ya kutengeneza kidonge. Kabla yake, mwenye kampuni ya kigeni akisema dawa haiwezi kushuka chini ya bei fulani, waziri hakuwa na la kujibu. Baada yake, waziri alikuwa na hesabu za kiwanda cha Savar mezani. Mwaka uliofuata serikali ikapitisha sera ya dawa iliyoondoa sokoni zaidi ya bidhaa 1,700 zilizoonekana hatari au hazina kazi, na ikawapa watengenezaji wa ndani nafasi. Leo Bangladesh inajitengenezea karibu dawa zote inazotumia, nyingi zikitoka kampuni binafsi zinazotafuta faida kama kawaida. Chowdhury alifariki Aprili 2023 akiwa na maadui wengi miongoni mwa kampuni za dawa na hata madaktari wenzake, jambo ambalo kwangu ni ushahidi kwamba alichokifanya kiligusa pale penyewe.

Karibu na kwetu zaidi kuna Eritrea. Wapiganaji wa EPLF, jeshi la ukombozi wa Eritrea, walitengeneza vidonge na maji ya dripu kwenye bonde la Orota, ndani ya mahandaki, huku ndege za Ethiopia zikipita juu. Daktari wa macho Fred Hollows aliyaona hayo akaondoka akiamini kwamba watu hawa wanaweza kutengeneza chochote, na maabara ya lenzi yenye jina lake ikafunguliwa Asmara mwaka 1994, mwaka uleule wa maabara dada kule Kathmandu, Nepal. Nchi inayokadiriwa kuwa na watu wachache kuliko mkoa wa Dar es Salaam haiwezi kuwa na macho ya kutosha kulisha maabara ya lenzi, kwa hiyo Asmara ilibidi itazame nje tangu siku ya kwanza. Kathmandu ilikuwa na Sanduk Ruit, daktari anayepasua bila kupumzika na kuwafundisha wengine. Ustadi ulikuwa sehemu zote mbili. Mnunuzi wa karibu alikuwa Kathmandu tu.

Sasa tuzisikilize hoja za upande wa pili, maana zipo na baadhi ni nzito. Nzito kuliko zote ni ya wingi. Kuna bidhaa ambazo faida yake iko kwenye kutengeneza mamia ya milioni kwa mwaka, na bomba la sindano ni mojawapo. Kwa hili usalama si jambo la mjadala. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2000 pekee sindano zisizo salama zilileta maambukizi mapya milioni 21 ya homa ya ini aina ya B, milioni 2 ya aina ya C, na 260,000 ya VVU. Ndiyo sababu tangu 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa yamesisitiza sindano za chanjo ziwe zile zinazojifunga zenyewe baada ya kutumika mara moja. Sindano ya aina hiyo huuzwa kwa senti chache za dola. Anayeshindana na viwanda vya India na China lazima awe na mashine za kasi, mtaji mkubwa na soko la kimataifa. Kilifi, Kenya, kampuni ya Revital imeweza, ikapata ithibati ya WHO, na UNICEF ni miongoni mwa wateja wake. Ni kampuni binafsi, na pale ndipo inapofaa kuwa. Mipira ya mikono nayo ni hivyohivyo: zaidi ya nusu ya inayotumika duniani imekuwa ikitoka Malaysia, na bei ya huko ndiyo unayopimwa nayo hata ukiwa Makambako. Shirika la kidini au wakfu wa hospitali likijiingiza kwenye sindano au mipira ya mikono kwa sababu tu bidhaa hizo zinagusa hisia, litakuwa linachoma sadaka za watu.

Hoja ya pili ni kwamba ukiwa na mnunuzi mwenye nguvu huhitaji kiwanda chako. Kenya ina MEDS, shirika la makanisa lililoanzishwa mwaka 1986 kununua na kusambaza dawa kwa hospitali za misheni na nyinginezo, lenye maabara yake ya kupima ubora iliyopata ithibati ya WHO. Uganda ina Joint Medical Store tangu 1979. Hawa wananunua kwa wingi, wanapima, wanakataa kibaya. Nakubali kwamba kwa bidhaa nyingi hilo latosha, na ningependa kila nchi iwe na MEDS yake kabla ya kuwa na kiwanda. Lakini mnunuzi hodari bado anategemea kuwe na wa kumuuzia. Oktoba 2021, dunia ikihofia upungufu wa sindano, India ilizuia kwa muda usafirishaji wa baadhi ya sindano zake nje. Siilaumu, ilikuwa na watu wake wa kuchanja. Mnunuzi wa Nairobi mwenye fedha taslimu na maabara bora alikaa foleni kama wengine.

Kisha kuna hoja mbili dhaifu, moja kila upande. Ya kwanza ni ya wapenda uzalendo: cha kwetu ni salama zaidi kwa kuwa ni cha kwetu. Mwaka 2008 Nigeria ilipata dawa ya maji ya watoto wanaoota meno, iliyotengenezwa palepale nchini, na watoto 84 wakafa. Mwaka 2022 Gambia ilipata dawa za kikohozi kutoka India, na watoto wapatao 70 wakafa kwa kushindwa kwa figo. Muuaji alikuwa mmoja katika visa vyote viwili: dayethilini glaikoli, kimiminika kitamu na kizito kama gliserini, cha bei nafuu, ambacho jicho na ulimi haviwezi kukitofautisha na malighafi halali. Kinatofautishwa na kipimo, kabla pipa halijafunguliwa kwenye mstari wa uzalishaji. Pipa likipita bila kupimwa, bendera iliyochapwa kwenye boksi haimsaidii mtoto. Gambia wakati ule haikuwa hata na maabara ya kupima dawa zinazoingia nchini.

Hoja dhaifu ya upande wa pili husemwa kwa upole na watu wenye suti: bila faida hakuna ubora, hisani huzaa bidhaa za kubahatisha. Inavutia kwa kuwa wengi wetu tumeona miradi ya misaada iliyobaki vyuma. Lakini ushahidi hauiungi mkono. Lenzi za Aurolab zina alama ya ubora ya Ulaya na zimeingia kwenye macho ya mamilioni ya watu. Upande wa pili, dawa za Nigeria na Gambia zote zilitoka kwa kampuni zilizotafuta faida. Asiyetafuta faida anaweza kuwa mzembe, na anayetafuta anaweza kuwa makini. Kinachowatenganisha ni kama kuna mtu mwenye mamlaka ya kukataa toleo zima na asipoteze kazi kwa kufanya hivyo. Faida inaeleza fedha zinakwenda wapi mwisho wa mwaka. Haisemi kilichomo ndani ya chupa.

Basi ni bidhaa gani inamfaa mtengenezaji wa aina hii kwetu? Ningeanza na maji ya dripu. Aliyewahi kuuguza katika hospitali zetu anaifahamu ile karatasi ndogo ya nesi: dripu mbili, kanula, glavu, nenda kanunue nje. Lita moja ya dripu ya chumvi ina gramu 9 za chumvi. Kinachobaki ni maji. Ukiiagiza kutoka ng'ambo, zaidi ya asilimia 99 ya kimiminika unachokilipia nauli ya meli, ushuru wa bandari na lori hadi Sumbawanga ni maji, tena maji ambayo mfuko ukivuja hulazimika kutupwa. Faida ya mfanyabiashara kwa kila mfuko ni ndogo na mzigo ni mzito, hivyo vituo vya mbali ndivyo vinavyokosa kwanza. Mahitaji nayo hayabahatishi: wajawazito wanaotoka damu, kipindupindu kila mvua, upasuaji wa kila siku. Na hatari ya kutegemea sehemu moja imeshaonekana hata kwa matajiri. Septemba 2024 kimbunga Helene kilikijaza mafuriko kiwanda kimoja cha Baxter kule North Carolina, kilichokuwa kikitoa takriban asilimia 60 ya dripu za Marekani. Hospitali za nchi tajiri kuliko zote duniani zikaahirisha upasuaji na kuwanywesha wagonjwa vinywaji badala ya kuwatundikia mfuko.

Urahisi wa malighafi usimdanganye mtu. Maji huchujwa na kuvukizwa, chumvi hupimwa, mfuko hufungwa na kuingizwa kwenye autoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke, kwa nyuzi joto 121. Hapo bakteria wamekufa. Lakini mabaki ya miili yao hubaki ndani ya maji, na mabaki hayo yakiingia kwenye mshipa, mgonjwa anaanza kutetemeka na kupanda homa muda mfupi baada ya dripu kufunguliwa, nesi anadhani ni malaria. Joto la autoklevu haliyaondoi. Yanazuiwa na usafi wa maji tangu mwanzo, na yanagunduliwa kwa kipimo ambacho, cha ajabu, kwa miaka mingi kimetegemea damu ya kiumbe wa pwani anayefanana na kaa. Vitendanishi vya kipimo hicho huagizwa na vina bei. Hapa ndipo vitengo vidogo vya dripu katika hospitali za misheni huelemewa: mfadhili hununua autoklevu, hupiga picha, huondoka, bajeti ya kupima kila toleo mwaka wa saba haipo kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo nisingetaka kila hospitali ya rufaa iwe na kachumba kake ka dripu. Ningetaka kiwanda kimoja au viwili kwa kanda, kimilikiwe na wakfu wenye hospitali ndani yake. Tanzania ina Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, inayoziunganisha hospitali za makanisa tangu 1992, na zipo pia hospitali za taasisi za Kiislamu. Wakiunganisha mahitaji yao ya dripu, vitakasa mikono na dawa za kusafishia vidonda, tayari wana kile ambacho Aspen ilikikosa. Bohari ya Dawa nayo imeingia kwenye utengenezaji, na kiwanda chake cha mipira ya mikono kipo Idofi, Njombe. Nina wasiwasi na mpangilio huo, na si kwa sababu ni wa serikali. Bohari ndiyo mnunuzi, ndiyo msambazaji, na sasa ndiyo mtengenezaji. Daktari wa Madurai alikuwa na jicho la mgonjwa mbele yake kila asubuhi. Bohari iko mbali na chumba cha upasuaji, na mhudumu wa zahanati anayepokea glavu inayochanika vidoleni kwa kawaida hana mahali pengine pa kuagiza. Uzito wote wa kusema hapana unabaki kwa mamlaka ya udhibiti wa dawa na vifaa tiba, TMDA. Bahati ni kwamba TMDA si dhaifu: Desemba 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya umahiri kwa vigezo vya WHO. Itahitaji uthabiti huohuo siku toleo bovu litakapokuwa la ndugu yake wa serikalini, tena kukiwa na uhaba na waziri anapiga simu.

Haya yote yanarudi kwenye mikataba, sehemu ya kuchosha ambayo haipigwi picha. Zabuni ya mwaka mmoja haimwezeshi mtu kukopa fedha za mtambo wa kusafisha maji unaolipika kwa miaka kumi. Hospitali zikishindwa kulipa kwa wakati kwa kuwa Bima ya Afya nayo imechelewesha madai yao, mtengenezaji wa wakfu hana akiba ya mwenye hisa wa kumshikilia, anafunga. Anayetaka kusaidia kweli, awe Mfuko wa Dunia, benki ya maendeleo au waumini wa Ujerumani, awape mtaji wa mzunguko wa kuvuka miezi hiyo na alipie vipimo vya ubora kwa miaka mitano ya mwanzo, matokeo yake yakitumwa TMDA moja kwa moja bila kupitia kwa meneja wa kiwanda. Hospitali zisaini kununua kiasi kinachojulikana kwa miaka isiyopungua mitano, kwa bei inayochapishwa wazi, ili hata asiyenunua hapo ajue lita ya dripu inagharimu shilingi ngapi ikitengenezwa Mbeya. Mikataba hiyo ikishasainiwa, ndipo tuulizane kuhusu kiwanja.